Neno la Siri Hubadilishwa, Kidole Hakibadilishwi

Daftari la deni la Abti lilikuwa na kurasa 200 na jalada lililoshikwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Duka lake liko soko la Hagadera: unga, mafuta, sukari, majani ya chai, sabuni. Ndani ya daftari kulikuwa na majina, kiasi mtu anachodaiwa, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, tarakimu nne nne. Sikuhitaji kuuliza ni za nini. Mteja akiishiwa na chakula kabla mwezi kuisha, hukopa na kuacha laini yake ya simu kama dhamana, pamoja na neno lake la siri. Pesa ya chakula ikiingia, mwenye duka anajilipa kwanza, kinachobaki anampa mwenyewe.

"Abti, wewe umesoma kompyuta," akaniambia siku moja. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo. "Hebu niwekee hili daftari kwa simu. Panya wamekula ukurasa wa mwezi wa nne."

Kusoma kompyuta ni miaka miwili tu ya chuo kikuu ambacho sikumaliza, na kwa nini sikumaliza nitasema baadaye. Baada ya wiki tatu nilikuwa na apu. Ilifunguka haraka hata kwa simu ya bei rahisi, na data zake zilikaa kwenye seva niliyokodi mtandaoni kwa dola chache kwa mwezi. Nikaona nimefika. Nikamtumia rafiki yangu, tuliyekuwa darasa moja na sasa anafanya kazi Nairobi, ajaribu.

Hazikuisha dakika ishirini akanirudishia picha ya skrini. Majina yote yalikuwa pale, madeni yote, na zile tarakimu nne nne. Familia 63.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa apu yako, bro. Umeweka ufunguo wa ghala mfukoni mwa kila mteja."

Alikuwa sahihi. Apu ni faili tu. Mtu yeyote akiwa na programu za bure anaweza kuifungua na kusoma kilichomo ndani, kama vile unavyofungua gunia kuona ni mahindi au mtama. Mimi nilikuwa nimeandika humo anwani ya hifadhidata, jina la mtumiaji na neno la siri, ili simu iende yenyewe ikachukue inachotaka. Kwa hiyo kila aliyekuwa na apu alikuwa na ufunguo, na ufunguo ule haukufungua ukurasa wake tu. Ulifungua daftari zima.

Usiku ule nilizima seva. Sikulala vizuri. Nilifikiria mama mmoja wa watoto saba ambaye tarakimu zake nne nilizikumbuka bila kutaka. Na nilipoanza kuandika apu upya, nikagundua kwamba kosa langu lina umri mkubwa kuniliko. Huku kwetu swali la nani anashika ufunguo wa orodha lilianza zamani sana, kabla ya simu, kabla hata ya kambi.

*

Anza na kipande. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili wanaume Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Mwanaume wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kubeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na habari za kazi yake, ndani ya kikopo cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Aliyeandika ndani alikuwa mwajiri. Bila saini ya mwajiri kwamba amekuachilia, ulikuwa umekwama. Fikiria hilo: unabeba habari zako mwenyewe, zinakugonga kifuani ukitembea, lakini huwezi kubadilisha hata herufi moja.

Kaskazini kulikuwa na utaratibu mwingine. Wilaya za Mpakani Kaskazini zilifungwa kwa sheria. Kuingia au kutoka kulihitaji ruhusa. Uhuru ulipokuja 1963, vita vya Shifta vikaja nao, na sheria za hali ya hatari zikakaa juu ya mkoa huu hadi 1991. Mwaka 1989 serikali ikatangaza kuwa Wakenya wote wenye asili ya Kisomali lazima wakaguliwe upya. Wazee na maafisa walikaa kwenye kamati, wakauliza watu ukoo wao, chifu wao, kisima chao. Aliyepita alipewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, aibebe pamoja na kitambulisho alichokuwa nacho. Mkenya mmoja, kadi mbili, kuthibitisha kitu kimoja.

Halafu Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu, na watu wakavuka mpaka. Kambi ya Ifo ilifunguliwa 1991. Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992. Kwa pamoja zilipangwa kubeba watu 90,000. Hagadera iko Fafi, upande wa kusini wa mji wa Dadaab, na waliokuwa wakichunga ngamia hapa kabla ya hema la kwanza ni jamaa za mama yangu.

Kambini orodha ilikuwa kadi ya chakula. Siku ya mgao unasimama foleni, kadi inatobolewa tundu, unapimiwa. Kadi ile ilikopeshwa, ikawekwa rehani, ikauzwa, ikalowa mvua. Wakubwa waliilaumu kwa udanganyifu, na udanganyifu ulikuwepo kweli. Ila kadi ile ilikuwa na sifa moja ambayo siku hizi naikumbuka kwa heshima. Ilikuwa haijui kitu. Haikujua uso wako wala ulipolala jana. Ukiitupa, imetupwa.

*

Mwaka 2011 mvua ilikataa. Julai mwaka huo Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia, na kufikia mwisho wa mwaka Dadaab ilikuwa na watu zaidi ya 460,000. Picha za watu waliokuwa wakiwasili kwa miguu mmeziona. Ambacho hakikupigwa picha sana ni kwamba mvua haijui mpaka. Ng'ombe wetu upande huu wa Kenya nao walikufa. Kambini kulikuwa na unga, hospitali na shule. Nje ya kambi kulikuwa na mizoga.

Mama alinishika mkono, mimi na dada yangu, tukaenda kusimama foleni. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka kioo kidogo chenye mwanga, na mtu akibonyeza kidole changu juu yake, taratibu, kama anayenifundisha kuandika. Nakumbuka kwamba jioni ile tulikula. Mama hakudanganya kwa sababu ni mwongo. Alikuwa na watoto wawili na chungu kitupu, na aliulizwa swali moja ambalo jibu lake sahihi lilikuwa chakula.

Oktoba 2013 WFP na UNHCR walianza kukagua vidole kwenye mgao wenyewe, Dadaab na Kakuma. Unaweka kidole, mashine inalinganisha na orodha, ndipo unapimiwa. Mashirika yalisema waliokuja kuchukua chakula walipungua na kwamba pesa nyingi ziliokolewa. Sina sababu ya kubisha. Mwenye kadi tano za kununua alikwama mlangoni.

Januari 2016 ikaja Bamba Chakula, iliyokuwa imeanza Kakuma mwaka uliotangulia. Jina lenyewe ni la mtaani, yaani jipatie chakula. Sehemu ya mgao sasa iliingia kwenye laini ya Safaricom, na unanunua kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Watu walifurahi, nami nakumbuka. Kwa mara ya kwanza mama mmoja aliweza kuchagua maziwa badala ya kupewa mtama asioupenda akauze kwa hasara. Soko la Hagadera likapata uhai mpya, na Abti naye akapanua duka.

Lakini tazama kilichotokea katikati ya 1992 na 2016. Kadi iliyotobolewa imegeuka kidole, kidole kimefungwa na laini, laini imefungwa na seva. Chakula cha mtu kimekuwa mstari kwenye hifadhidata. Na madeni hayakwisha. Zamani mwenye duka alishika kadi kama dhamana, sasa anashika laini na tarakimu nne. Ndizo zile za kalamu nyekundu.

*

Nilipofika miaka 18 nilikwenda kuomba kitambulisho. Nilibeba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha baba, barua ya chifu. Nilikaa mbele ya kamati, nikataja ukoo na kisima, kama babu zangu walivyofanya 1989. Nikapita. Miezi ikaenda. Niliporudi kwenye ofisi moja kuuliza, kijana wa makamo yangu akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akaangalia skrini tena.

"Vidole vyako vinasema wewe ni mkimbizi."

Nikamwambia mimi nimezaliwa Fafi. Akasema anaamini. Akasema mfumo ndio hauamini.

Kumbe orodha mbili zilikuwa zimekutana bila sisi kuitwa. Ile iliyotupa chakula ikaulizwa na ile inayotoa uraia, nayo ikajibu. Siko peke yangu. Mashirika ya haki yanakadiria Wakenya wapatao 40,000 wamekwama hivi, wengi wao wakiwa watoto walipobonyezwa kidole. Mwaka 2021 Haki na Sheria, shirika la Garissa, walifungua kesi mahakamani kwa niaba ya watu wa aina yangu.

Bila kitambulisho hakuna mkopo wa elimu ya juu. Familia ilichanga miaka miwili, ngamia wawili wakauzwa, halafu michango ikaisha. Ndiyo sababu nilitoka chuo. Bila kitambulisho pia hakuna laini kwa jina lako, kwa sababu Kenya imedai laini zisajiliwe tangu 2010. Malipo yangu ya uandishi huingia kwa simu ya binamu. Yeye ndiye anayejua tarakimu nne, si mimi. Na usiku ule nilipotazama picha ya skrini ya yale madeni, kilichoniumiza ni hiki: niliwafanyia familia 63 kitu nilichofanyiwa. Nilichukua habari zao kwa nia njema kabisa, nikaziweka mahali ambapo wao hawawezi kufika na wengine wanaweza.

*

Sasa nieleze nilivyojenga upya, kwa sababu wengi wenu mnatengeneza apu au mnazitumia, na mantiki yake si ngumu. Fikiria siku ya mgao. Hakuna anayeingia ghalani. Kuna dirisha. Unafika dirishani, unajitambulisha, unasema unachotaka, na aliye ndani anaangalia kama ni haki yako, ndipo anakwenda kukuletea. Funguo za ghala zinabaki ndani.

Apu yangu ya kwanza haikuwa na dirisha. Ya pili inalo: programu ndogo inayokaa kwenye seva, katikati ya simu na hifadhidata. Simu haijui hata hifadhidata iko wapi. Inaongea na dirisha tu, na mazungumzo yote yamefichwa kwa usimbaji, ili anayesikiliza njiani, kwa mfano mwenye wifi ya hoteli, asikie kelele tupu.

Mwenye duka akiingia, seva inampa tikiti ya muda. Tikiti hiyo si neno la siri. Inaisha baada ya muda mfupi, na simu ikiibwa naifuta upande wangu, mwizi anabaki na karatasi iliyokufa. Kila ombi likija, seva haiulizi tu kama una tikiti. Inauliza kama tikiti hii ni ya duka hili na kama deni hili ni la duka hili. Hapa ndipo watengenezaji wengi huteleza. Wanafunga mlango wa mbele vizuri, halafu ndani ukibadilisha namba 14 kuwa 15 unasoma habari za jirani.

Upande wa simu ndio niliupa muda mrefu zaidi. Mtandao wa Hagadera huja na kwenda, kwa hiyo lazima kitu fulani kihifadhiwe kwenye simu hadi mtandao urudi. Nikahifadhi kidogo iwezekanavyo, kikiwa kimesimbwa, na ufunguo wake umekaa kwenye sehemu salama ya simu yenyewe ambayo apu nyingine haziwezi kuisoma. Apu haiombi ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, wala mahali ulipo, wala picha. Haina kazi nazo. Mnakumbuka apu za mikopo zilizokuwa zinakokota majina yote kwenye simu yako, halafu ukichelewa siku mbili wanampigia mama mkwe? Ilichukua hadi 2022 kwa Benki Kuu kutoa kanuni za kuwabana. Simu iliyopewa ruhusa moja ya ziada ni nyumba yenye dirisha lisilofungika.

Mtaniambia: hii yote kwa duka la unga? Nami nitawakumbusha Januari 2022. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kuwa wadukuzi wameingia kwenye seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, kutoka vyama 60 au zaidi vya Msalaba Mwekundu duniani. Wengi walikuwa watu waliopotezana na familia zao kwa vita na uhamiaji. Ukikaa kambini unamjua mtu aliyewahi kujaza fomu ya kumtafuta ndugu. Wadukuzi walipita kwenye tundu moja ambalo kiraka chake kilikuwepo lakini kilikuwa hakijawekwa, na walikaa ndani wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Wale ni watu wenye wahandisi na bajeti. Mimi nilikuwa na laptopu na paa la mabati.

Ndiyo maana ulinzi mkubwa kuliko wote ni kutokusanya. Kisichokuwepo ghalani hakiibiwi. Neno la siri likivuja unalibadilisha asubuhi na maisha yanaendelea. Kidole kikishaingia orodha isiyo sahihi, utabadilisha nini? Utakata?

*

Basi nikaenda kwa Abti na apu mpya, nikamwambia zile tarakimu nne haziingii humu.

"Sasa dhamana yangu ni nini?"

"Jina lake, na kwamba mnajuana."

"Kujuana hakununui unga Garissa, Abti."

Tulibishana alasiri nzima, chai ikaja mara mbili. Hakuwa mtu mbaya na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Yeye pia anadaiwa na wenye malori. Mwisho tukakubaliana nusu: tarakimu hazitaingia kwenye simu, na wateja wapya hawataandikwa kwa kalamu nyekundu. Wale wa zamani wamebaki kwenye daftari, daftari liko kwenye sanduku la bati chini ya kaunta. Sikushinda. Najua laini 63 bado zimefungwa kwa mpira ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Jambo moja nililishinda. Kila mteja anaweza kuomba aonyeshwe mstari wake, na akisema umekosewa, unarekebishwa mbele yake na sababu inaandikwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki hiyo, kusahihishiwa na hata kufutiwa habari zisizo kweli, lakini Abti hajasoma sheria. Alikubali kwa sababu ya aibu ya kudhulumu.

Wiki ya kwanza alikuja yule mama wa watoto saba. Abti akamsomea deni lake.

"Walaal, hiyo sukari kilo mbili sikuchukua. Siku hiyo nilikuwa hospitali na mtoto."

Abti akafikiri, akahesabu siku kwa vidole, akatikisa kichwa. "Kweli. Aliichukua jirani yako." Akanipa simu. Nikabonyeza, mstari ukabadilika, mama akaangalia skrini kuhakikisha, akachukua unga wake, akaenda.

Haikufika dakika moja. Mimi mstari wangu nimeusubiri tangu nikiwa na miaka 18.